Somo la kemia lianzie kwenye jiko la makaa

Kila mwaka baridi inapoingia, kati ya mwezi wa Juni na Agosti, magazeti yetu huchapisha habari ya namna moja. Watu wa nyumba moja waliingiza jiko la makaa chumbani wapate kuota moto, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Asubuhi majirani waliita wasiitikiwe, wakavunja mlango, na waliyoyakuta ndani hayasimuliki. Polisi hueleza kwamba marehemu walivuta hewa ya sumu. Msomaji husikitika, hugeuza ukurasa akatafuta habari za kandanda, na mwaka unaofuata habari hiyo hiyo hurudi ikiwa na majina mengine.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda hospitalini kumjulia hali kijana mmoja wa kidato cha tatu, mtoto wa jirani yangu, aliyeponea chupuchupu katika mkasa wa aina hiyo. Alikuwa ameamka usiku kichwa kikimgonga, akajaribu kusimama, miguu ikamkataa, akaanguka mlangoni. Kishindo cha kuanguka kwake ndicho kilichomwamsha mama yake aliyelala chumba cha pili. Nilimkuta ameketi kitandani, nguvu zimeanza kumrudia. Mimi ni mwalimu, na mwalimu hana adabu ya kuacha maswali hata hospitalini, kwa hivyo nilimwuliza ikiwa shuleni walikuwa wamefundishwa juu ya hewa iliyotaka kumwua.

"Tulifundishwa kidato cha pili, mwalimu," alinijibu, na pasipo kusita akanikariria mlinganyo wote, herufi kwa herufi na tarakimu kwa tarakimu, umesawazishwa kama inavyotakikana.

"Sasa mwanangu, mbona ulilala na jiko?"

Alifikiri kidogo. "Ile ya kitabuni ilikuwa ya mtihani," alisema. "Na hili jiko letu lilikuwa limeshika vizuri, mwalimu. Halikuwa na moshi hata kidogo."

Jibu hilo halijanitoka akilini hadi leo. Sijapata kusikia mtu akiukosoa ufundishaji wetu wa kemia kwa ukweli zaidi ya kijana yule, na yeye mwenyewe hakujua kwamba anakosoa. Mwalimu wake hakumficha kitu. Kitabu chake hakikukosea. Mlinganyo alikuwa nao. Alichokosa ni kuonyeshwa kwa macho yake kwamba alama zile zinaeleza jambo linalotendeka chini ya sufuria ya mama yake. Rai yangu kwa walimu wenzangu, na kwa wanafunzi wanaosoma ukurasa huu, ni kwamba somo la mimenyuko ya kikemia lisianzie ubaoni. Lianzie kwenye jiko, ndipo lipande ubaoni.

Hebu basi tulitazame jiko lenyewe, maana wengi wetu tumelitazama miaka nenda miaka rudi bila ya kuliona. Makaa kwa sehemu kubwa ni kaboni. Hewa inayoingia kwa mlango wa chini hukutana na makaa yaliyo mekundu, na kwa kuwa hapo oksijeni ni tele, kaboni huungana nayo ikawa kaboni dioksidi, hewa ile ile tunayoitoa tunapopumua. Lakini safari haiishii hapo. Hewa hiyo hupanda, na katika kupanda kwake hupita kati ya makaa mengine yenye joto kali ambako oksijeni imekwisha kuliwa. Makaa hayo ya juu, kwa kukosa oksijeni iliyo huru, huinyang'anya kaboni dioksidi sehemu ya oksijeni yake, na matokeo ya unyang'anyi huo ni kaboni monoksidi. Hii haina rangi wala harufu. Ikifika juu kabisa hukutana na hewa safi tena, na ikiwa joto lingali linatosha, huwaka. Ule mwali mdogo wa buluu unaochezacheza juu ya makaa, ambao kila mpishi nchini ameuona, ni kaboni monoksidi inayoungua.

Sasa lichukue jiko hilo ulitie ndani ya chumba kilichozibwa. Oksijeni ya chumbani hupungua kila dakika. Mwali wa buluu hufifia na kutoweka, makaa yakabaki mekundu na matulivu, yakipendeza macho, na ile hewa iliyokuwa ikiungua juu ya makaa sasa hutoka bila kuungua ikaenea chumba kizima. Kulala kitandani badala ya sakafuni hakusaidii kitu, kwa sababu hujichanganya na hewa yote. Moshi ambao watu huuogopa ni wa mwanzo, wakati makaa yana unyevu au yana vipande ambavyo havikuiva tanurini. Ukikoma, watu husema jiko limeshika, na hapo ndipo hulibeba wakaliingiza ndani. Kumbe moshi ulikuwa rafiki, kwa maana uliwawasha macho wakatoka nje. Himoglobini, ile sehemu nyekundu ya damu ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni, huishika kaboni monoksidi kwa nguvu inayozidi mara 200 ile inayoshikia oksijeni. Mtu huumwa na kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi humlemea. Yeye hudhani ni uchovu wa mchana.

Haya yote yamo katika silabasi. Mwanafunzi wa mfumo wa 8-4-4 aliyasoma katika kidato cha pili, kwenye mada ya kaboni, na mchoro wa jiko la makaa si mgeni katika vitabu vya kiada. Kwa nini basi hayafiki nyumbani?

Nakumbuka siku nilipokutana kwa mara ya kwanza na neno mmenyuko, ijapokuwa kwetu lilitamkwa kwa Kiingereza. Mwalimu aliingia, akaandika ubaoni kwamba magnesiamu ikiungua katika oksijeni hutoa mwanga mkali mweupe na kuacha unga mweupe. Tukanakili. Akaandika mlinganyo. Tukanakili. Shule haikuwa na utepe wa magnesiamu, wala mwalimu hakujifanya kuwa nao. Katika mtihani niliandika "mwanga mkali mweupe" nikapata alama zangu. Mwanga wenyewe niliuona miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, na nakiri kwamba nilishtuka. Nilikuwa nimejibu maswali juu ya kitu hicho mara nyingi kama mtu anayeeleza sura ya mji ambao hajaufikia.

Mwanafunzi aliyefundishwa hivyo hudhani kwamba mmenyuko ni aina ya sentensi: upande wa kushoto kuna herufi, katikati mshale, upande wa kulia kuna herufi nyingine, na kazi yake ni kuhakikisha tarakimu zinalingana. Mwulize, makaa yakiisha kuungua yanakwenda wapi, naye atakujibu kwamba yamekwisha, yamebaki majivu. Mwulize kama hewa ina uzito, atasita. Mwulize viputo katika maji yanayochemka vina nini, naye atasema ni oksijeni, au ni hewa, ilhali ni maji yale yale yaliyogeuka mvuke. Majibu haya hayaonyeshi upumbavu. Hutolewa na wanafunzi katika nchi nyingi duniani, zikiwamo zile zenye maabara za kifahari, kwa sababu ndivyo macho yanavyoshuhudia. Kuni hupungua kwa macho. Majivu ni mepesi kuliko kuni kwa mikono. Anayetaka kumwondoa mtoto katika ushahidi huo hana budi kumpa ushahidi ulio na nguvu zaidi, na chaki pekee haiwezi.

Aliyeivunja imani hiyo katika historia ni Mfaransa Antoine Lavoisier, na silaha yake ilikuwa mizani. Alipima vitu kabla ya kuviunguza na baada ya kuviunguza, ndani ya vyombo vilivyofungwa, akaonyesha kwamba uzito haupotei wala hauzaliwi. Kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1789, na miaka mitano baadaye mapinduzi ya nchi yake yakamkata kichwa, si kwa sababu ya kemia bali kwa kuwa alikuwa mkusanyaji wa kodi. Nayataja haya kwa kuwa hesabu yake ndiyo hesabu ya jiko letu. Gramu 12 za kaboni hujifunga na gramu 32 za oksijeni zikatoa gramu 44 za kaboni dioksidi. Kwa hivyo kilo moja ya kaboni ikiungua kikamilifu huchukua hewani zaidi ya kilo mbili na nusu za oksijeni, na hutoa zaidi ya kilo tatu na nusu za hewa. Mwambie mwanafunzi wako kwamba hewa iliyotoka katika jiko la mama yake ni nzito kuliko makaa aliyoyatia, kisha umwache abishane nawe. Ubishi huo utamfundisha kemia zaidi ya kurasa kumi za maelezo ya kunakili.

Akishabisha, mletee bakuli. Tia humo njahi na punje za mahindi. Njahi, kwa weusi wake, ni atomu za kaboni. Mahindi ni oksijeni, na kwa kuwa oksijeni ya hewani hutembea wawili wawili, mahindi yagandishwe kwa jozi kwa uji mzito au gundi. Wape wanafunzi njahi nne na jozi nne za mahindi, kisha uwaamuru kila njahi ipate mahindi mawili. Watapata molekuli nne za kaboni dioksidi, hakuna punje iliyosalia wala iliyopungua. Kisha ondoa nusu ya mahindi. Sasa njahi ni nne zile zile, lakini jozi ni mbili. Waulize watafanya nini. Wengine watazipa njahi mbili mahindi yote na kuziacha nyingine mbili bila kitu. Wengine watagawa sawa, kila njahi ipate moja. Wote wamesema kweli, na hao wa pili wametengeneza kaboni monoksidi mezani. Hawakuhitaji kuambiwa ni sumu gani hutokea chumba kikifungwa, kwa maana wao wenyewe ndio walioondoa mahindi.

Bakuli hilo hilo huondoa kosa jingine ambalo walimu wa kemia hulisahihisha hadi kalamu nyekundu ikaisha wino. Mwanafunzi akiona mlinganyo haulingani, hubadilisha tarakimu ndogo iliyo chini ya herufi badala ya ile kubwa ya mbele. Kwake zote ni tarakimu. Lakini ukibadilisha ile ya chini umebadilisha kitu chenyewe. Maji yana oksijeni moja kwa hidrojeni mbili. Ongeza oksijeni moja na huna maji tena, una dawa ya kuoshea vidonda na kufifisha rangi ya nywele. Kwenye karatasi kosa hilo ni la kitone cha wino. Kwenye bakuli, mwanafunzi lazima avunje punje zilizogandishwa ndipo akosee, na mkono wake utamwonya.

Jiko lina mengine ya kufundisha, na hapa naomba msomaji aniruhusu nikawie, kwa sababu mada ya kasi ya mmenyuko hutisha wanafunzi wengi, ilhali wameshaijua kabla ya kuvaa sare. Makaa yako guniani miezi sita, oksijeni imeyazunguka pande zote, na hayawaki. Kwa nini? Kwa sababu mmenyuko unaotoa joto nao huhitaji joto la kuuanzisha, na ndiyo kazi ya kijiti cha kibiriti na kipande cha karatasi. Ukishaanza, hujilisha wenyewe. Mpishi akitaka moto ushike upesi huvunjavunja makaa, kwani vipande vidogo huonyesha hewa nyuso nyingi zaidi. Akitaka moto uwe mkali hupepea, na kupepea ni kuongeza oksijeni. Akitaka wali ukauke pole pole hufunga mlango wa chini. Zile jiko za bati zilizotandikwa udongo wa kuchomwa ndani, zilizoanza kuenea nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980, huhifadhi joto karibu na makaa ili yaungue vizuri. Na bibi zetu, ambao kibiriti kwao kilikuwa anasa, waliufukia moto kwa majivu usiku ukasinzia hadi asubuhi bila kuzimika. Mtu aliyeyaona haya yote amekwisha kuona umuhimu wa joto, wa ukubwa wa uso na wa wingi wa vitu vinavyokutana. Kilichobaki ni kumpa majina.

Majina nayo yana hadithi yake. Watoto wetu hufundishwa sayansi kwa Kiingereza, na sitafufua hapa mjadala huo mrefu. Nitasema tu kwamba hakuna sheria inayomkataza mwalimu kumwacha mwanafunzi aeleze alichokiona kwa Kiswahili, au kwa lugha ya mama, kabla ya kumpa msamiati wa mtihani. Jirani zetu Watanzania wamefundisha sayansi ya shule za msingi kwa Kiswahili kwa miongo mingi, na hawakuishiwa maneno. Isitoshe, baadhi ya maneno ya somo hili yalipita Uarabuni kabla ya kufika Ulaya. Kemia ni mojawapo. Alkali ni jingine, na asili yake ni majivu ya mmea. Hata kibiriti tunachowashia jiko, kwa Kiarabu jina lake ni lile lile la salfa.

Nikitaja majivu nimekumbuka akina mama wa Magharibi ambao huyachuja maji katika majivu ya maganda ya maharagwe wakapata musherekha wa kulainishia mboga. Hiyo ni alkali, na haikununuliwa kwa muuza vifaa vya maabara. Magadi ya kupikia ni ndugu yake. Kamulia ndimu juu ya magadi, yatatoa povu na hewa. Ingiza kijiti kinachowaka mdomoni mwa chombo, kitazimika. Ni kaboni dioksidi ile ile ya jiko, safari hii imetoka katika jiwe badala ya moto. Na ikiwa mwanafunzi anataka hakikisho zaidi, achukue chokaa ya wajenzi, aikoroge ndani ya maji, aiache itulie usiku kucha, kisha amimine maji yaliyo safi juu yake. Hewa ile ikipitishwa humo, maji hugeuka meupe kama maziwa. Chokaa iwashayo isiguswe machoni.

Kuna jaribio moja ambalo sijaona darasa likilisahau. Manjano ya kupikia hukorogwa ndani ya maji, na kitambaa cheupe hutiwa rangi humo. Pangusa kitambaa hicho kwa maji ya sabuni ya mche au ya magadi na kitageuka chekundu mara moja. Kikamulie ndimu nacho hurudi manjano. Mama yeyote aliyepata kufua leso iliyomwagikiwa mchuzi ameliona doa la manjano likigeuka damu ya mzee chini ya kipande cha sabuni, akadhani nguo imeharibika. Mtoto aliyeshuhudia hayo jikoni akifika shuleni akaambiwa kuna kitu kinachoitwa kielelezo cha asidi na alkali, hataona ajabu. Atasema, "Kumbe ni ile leso."

Wakazi wa Pwani wana mfano ambao nawaonea wivu. Mafundi wao, karne nyingi kabla ya saruji, walipanga matumbawe juu ya kuni wakayachoma kwa moto mkali, ambao lazima ukaribie nyuzi 900. Joto hilo huyafukuzia matumbawe kaboni dioksidi yake, ikabaki chokaa kali. Chokaa hiyo ikitiwa maji huchemka bila moto. Kisha ikipakwa ukutani huivuta kaboni dioksidi kutoka hewani pole pole, mwezi kwa mwezi, hadi ikarudi kuwa jiwe la asili ile ile iliyotoka baharini. Kuta za nyumba kongwe za Lamu ni mmenyuko uliokwenda na kurudi. Sijui ni mwalimu gani wa kemia anayeweza kupita chini ya kuta hizo na wanafunzi wake asiwasimamishe.

Najua nitaulizwa maswali, na yaliyo mengi ni ya haki. Mwalimu mwenye wanafunzi zaidi ya 60 darasani atauliza apate wapi nafasi ya bakuli na majiko. Mwalimu wa kidato cha nne atasema kwamba karatasi ya tatu ya KCSE, ile ya vitendo, ina alama 40 tu kati ya 200, na kwamba mtahini hataki habari za leso. Nawajibu hivi. Jaribio la jiko halitaki zaidi ya dakika 20 na jiko moja. Na mtahini, kwa miaka mingi sasa, amekuwa akiuliza maswali yanayotaka mwanafunzi aeleze sababu, si kukariri tu. Anayeanguka ni yule aliyenakili. Tena tabia iliyozuka katika shule nyingi ya kufungua maabara wiki chache kabla ya mtihani, orodha ya siri ya vifaa inapokuwa imefika, ni kumfundisha mtoto kuogelea siku ya mafuriko.

Wala sisemi jambo geni. Mradi wa SMASSE, ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano wa serikali yetu na ya Japani, uliwahimiza walimu wa sayansi na hisabati watumie vitendo na vifaa vya kubuni kutoka mazingira yao. Walimu wengi walihudhuria semina zake. Wengine walirudi wakafanya. Wengine walirudi na cheti.

Hata hivyo, ningekuwa mnafiki kama ningeishia kwa kuwalaumu walimu. Ndimu na magadi si badala ya maabara. Hakuna njia salama ya kubuni ya kufundisha kila mmenyuko, na mwanafunzi anayetaka kuwa mfamasia au mhandisi sharti ashike bomba la kupimia na mizani ya kweli. Mwaka 2023 gredi ya saba ya mtaala mpya ilipoanza, sekondari ya chini iliwekwa ndani ya shule za msingi, nyingi zikiwa hazina hata chumba kimoja cha maabara, na humo ndimo Sayansi Jumuishi inapofundishwa. Ubunifu wa mwalimu usigeuzwe kisingizio cha wakubwa cha kutojenga. Anayefundisha kwa njahi leo anastahili kupongezwa, na anastahili maabara.

Aidha, kufundisha kutoka jikoni kunadai tahadhari kubwa kuliko kufundisha kwa chaki, kwa maana mwanafunzi atakwenda kuyajaribu nyumbani. Mwalimu na aseme waziwazi yasiyojaribiwa. Dawa ya maji ya kung'arisha nguo nyeupe isichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia choo. Zikikutana hutoa klorini, hewa ile ile iliyotumiwa kama silaha ya vita kule Ypres mwaka 1915. Nyumba nyingi zina chupa hizo mbili bafuni, zimesimama bega kwa bega. Na jaribio la jiko lifanywe nje, uwanjani, wala si darasani hata kama madirisha yote yamefunguliwa. Kwa kuwa mwali wa buluu hauonekani vizuri juani, afadhali lifanywe asubuhi na mapema au chini ya kivuli kizito. Wanafunzi wasimame upande upepo unakotokea. Mwalimu awangoje waone moshi ukikoma, awaonyeshe mwali wa buluu, kisha awaulize: ni wakati gani katika hizi mbili mngeliingiza jiko hili ndani? Wakishajibu, na wengi watajibu alivyojibu yule kijana wa hospitalini, ndipo alete bakuli la njahi.

Awaambie pia la kufanya. Atakayemkuta mtu amelegea katika chumba chenye jiko afungue mlango na madirisha, amtoe nje kwenye hewa safi, asikae ndani kutafuta viatu, na ampeleke hospitali hata kama ameanza kuzungumza. Anayeota moto alale bila jiko, aongeze blanketi.

Katika mpangilio wa masomo, mada ya kaboni huangukia wakati wowote ambapo mwalimu ameifikia, na shule nyingi huifikia baridi ikiwa imekwisha kupita. Hakuna kinachomzuia mkuu wa idara ya sayansi kuisogeza sehemu hii moja mbele, kwa madarasa yote, gredi ya saba hadi kidato cha nne, kwa kipindi kimoja tu. Muhula wa pili huanza mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Baridi huingia Juni. Kati ya hapo kuna wiki zipatazo tano, na jiko moja hupatikana katika kila shule, nyuma ya jikoni, karibu na rundo la kuni.